Modo

Mwaka ule miguu yangu ilikimbia mbele ya akili
na suruali ya shule ilikuwa gunia.
Baba aliikata pana kwa makusudi:
"Utakua humo humo," akasema,
kana kwamba mtu hukua
kwa kujaza nafasi aliyoachiwa.

Tandika nzima ilikuwa imebana.
Wenzangu wa Kidato cha Tatu walipita na modo,
magoti yametokeza kama mafundo ya muwa;
asubuhi walivaa mfuko wa rambo mguuni
ili unyayo upenye.
Mimi, mtoto wa fundi,
upepo wa Devis Kona uliniingia kwa chini
ukanitokea kiunoni.

Nilimwomba mara moja tu.
Alikuwa na pini mdomoni, akajibu bila kuzitoa:
"Kwangu hakushonwi uhuni."

Jumatano usiku umeme ukakatika,
mtaa ukaguna kwa sauti moja, kisha ukalala.
Nikanyata hadi sebuleni, nikaifunua cherehani.
Mdogo wangu Tabu alinishikia tochi ya simu.
Bei: ubuyu wa mia mbili, na alitaka kabla.
Nilikanyaga taratibu,
ila chuma hakijui kunong'ona.
Chumbani baba akakohoa.
Tukaganda, sindano ikiwa imezama kitambaani.
Kitanda kikalia, kikanyamaza.
Nikaendelea hadi kwenye pindo.

Asubuhi nilitembea kama mtu aliyenunua kiwanja.

Paredi.
Mwalimu Ndunguru hakupaza sauti, hakuwa na haja.
"Kondo. Mbele."
Mkasi ulianzia pindoni ukapanda hadi gotini,
mguu wa kushoto, halafu wa kulia.
Shule ilicheka yote,
mimi nikasikia kicheko cha Nasra peke yake.
Sikulia. Nilihesabu matofali ya ukuta wa choo,
nikafika sitini na moja.
"Kamlete mzazi."

Nyumbani baba hakunitazama usoni.
Alivaa miwani, akaigeuza suruali ndani nje,
akapitisha kidole gumba juu ya mshono
kama anayetafuta mfupa uliovunjika.
"Uzi mweusi," akasema.
Nikainama.
"Suruali ya bluu. Uzi mweusi."
"Umeme ulikuwa umekatika, baba."
Akaushika mshono kwa mikono miwili, akavuta.
Haukuachia.
Akavuta tena, sasa kwa hasira,
mishipa ikamsimama shingoni.
Haukuachia.

"Nilikusikia," akasema.
"Mwanzo ulikanyaga kama unaua mende.
Ukatulia ulipofika gotini."

Kofi lilikuja baadaye, jepesi,
kama kitu alichokuwa amekisahau mfukoni.

Shuleni alisimama mlangoni, kofia mkononi.
"Kosa ni la mwanangu, mwalimu, nalijua.
Ila kitambaa kilikuwa changu,
na duka la kitambaa bado linanidai."
Mwalimu Ndunguru akautazama mkasi wake mezani,
akausogeza chini ya daftari la mahudhurio.
Hakuna aliyeomba radhi.
Tulirudi kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma,
na jua lile la saa saba lisilo na aibu.

Usiku huo umeme ulikuwepo.
Baba aliaga mapema, akisingizia mgongo.
Cherehani aliiacha wazi.
Juu yake kipande kipya, bado kinanuka duka,
chaki,
na sindano imeshatungwa uzi wa bluu.

Tabu alichungulia. "Leo bure," akanong'ona.
Nikamfukuza.

Nilikaa.
Nikachora mstari, nikaufuta kwa kiganja,
nikachora mwingine ndani zaidi, nikaufuta.
Chumbani hakuna aliyekohoa,
wala kitanda hakikulia,
na mimi, chaki mkononi, miaka kumi na sita,
sikujua nautaka upana gani.