Haijui Imebeba

Mteremko wa Mkoani hauna subira.
Unaanzia juu, unakwenda mpaka lango la bandari,
na anayeshuka na gunia arobaini za karafuu
hushika usukani kwa mikono
na shahada kwa ulimi.

Mbarouk Khatib alinijia Jumatatu
sijafungua hata sanduku la spana.
Bampa limeingia ndani kama mdomo wa kibogoyo.
"Sikugonga mtu, alhamdulillahi.
Kreti za soda tu, na mlango wa banda la Bi Mize.
Lakini nilikanyaga, fundi, nikakanyaga,
gari ikanisikia kama mtoto aliyeitwa yuko mchezoni:
naja, naja,
na haji."

Pedi kabadilisha mara tatu.
Diski kaagiza Unguja, zimekuja zimefungwa gazeti.
Fundi wa Chake kamwambia pikapu ina jini.
Fundi wa Wete kamwambia auze.

Mimi sikusema kitu. Nikalala chini yake.

Huko chini ndiko gari husema kweli.
Juu ni rangi na maandishi ya kujisifu;
chini ni udongo mwekundu wa Mtambile, grisi,
bomba la breki lililolambwa na chumvi.
Nikapapasa kama mtu anayechambua mchele.
Diski za mbele: buluu, zimeungua.
Dramu za nyuma: lainingi nene kama siku ya kwanza.
Wa mbele anafanya kazi ya wanne,
wa nyuma kaja kutembea.

Juu ya ekseli kuna kimkono cha chuma,
hakizidi kalamu ya shule, kimeshikana na valvu.
Bodi ikishuka kwa mzigo, kimkono kinapanda,
kinapeleka habari: mzigo upo, ipe nyuma nguvu.
Naye Mbarouk, msimu wa mwaka juzi,
kaongeza majani matatu ya springi
ili gari isikae chini mbele za watu.
Ikasimama kifua mbele.
Tani mbili mgongoni, haikuinama hata kidole.
Kimkono kikatazama, kikapeleka habari:
hakuna kitu. Gari tupu.

Nilikaa kimya pale chini.
Nikamkumbuka mama, mwaka tuliomzika baba,
alivyopokea wageni kwa kanga iliyopigwa pasi,
"Hatujambo, hatujambo kabisa,"
hata majirani wakaacha kuleta sahani.

"Fundi, umelala?"
"Nipe spana ya kumi na mbili."

Nikachonga kipande cha bati nene,
nikakiinua kimkono vidole vitatu juu ya ekseli
kikutane na springi zilivyo, si zilivyokuwa.
Bomba la kutu nikalitoa, nikatia la shaba.
Kisha hewa: mwanafunzi wangu Kazija kwenye pedali,
mimi kwenye tairi la mbali kabisa.
Kanyaga. Shika. Achia.
Mapovu yakaja chupani, makubwa,
kisha madogo,
kisha mafuta matupu.

Nikamwambia atoe jani moja la springi.
"Watu watasema gari yangu imechoka."
Hakutaka.

Kesho yake tulipakia mchanga,
maana mchanga ukimwagika haumlizi mtu.
Akanambia niendeshe mimi. Nikakataa.
Mguu ulioogopa ndio unaotakiwa kujaribu.
Tukashuka. Usawa wa banda la Bi Mize akakanyaga,
na pikapu haikuinamisha pua,
haikupiga kelele, haikusema naja.
Ilikaa. Matairi yote manne,
kama mtu mzima anavyokaa mkekani.

Mbarouk akacheka, akapiga honi, akarudi nyuma,
akashuka tena, akakaa tena.

Bi Mize alikuwa keshazihamisha kreti zake
ng'ambo ya barabara.
Nikamwita: mama, zirudishe, imepona.
Akaitazama ilivyosimama wima na mchanga wake wote,
akafuta mikono kwenye leso.
"Gari nimeiona," akasema.
"Bado mwenyewe."