Daftari la Bwawa, Ruai

Nyuzi ishirini na sita, aliandika Okemwa
mwaka ule tulipochimba. "Wanadonoa hadi vidole."
Leo saa nane mchana, thelathini na tatu.
Namwaga pumba. Zinaelea,
zinalowa, zinazama zenyewe.
Perege hawaji.

Wamejibanza kwenye kivuli cha tangi,
pale bomba la kisima linapovuja,
wakubwa kwa wadogo, ubavu kwa ubavu,
wao waliokuwa wakipigania shimo la matope,
kila dume na kiota chake, mkali kama bawabu.
Sasa viota ni vitupu.
Joto limewapatanisha, au limewachosha,
sijui nitofautishe vipi.

Alfajiri ndiyo mbaya zaidi.
Natoka na tochi, nasikia kabla sijaona:
pwa, pwa, pwa,
midomo mia tatu ikibugia hewa
kana kwamba majini si kwao.

Jumanne jike mmoja alitema mayai.
Siku tano alikuwa ameyabeba kinywani
bila kula; nilimhesabia.
Akayatema, akabaki juu yake, anatweta.
Sikumlaumu.

Kwamboka wa ng'ambo ya ua anasema
samaki ni samaki, watazoea.
Labda. Mimi pia nimezoea:
nalala dirisha wazi, mchana sili,
nahamisha kigoda
kufuata kivuli cha ukuta.

Nimeandika: 33. Hawali. Wanahema.
Nafasi ikabaki kwenye mstari,
nikaongeza: na mimi.
Nikafuta. Daftari ni la samaki.