Tundu la Vidole Viwili

Mbeyu, niwie radhi.
Nimeanza na neno hilo kwa kuwa ndilo zito,
na kizito hutangulia, chini kabisa ya begi.

Timbo la Utange halichimbwi tena.
Mawe yaliyokatwa humu yamekwenda kuwa nyumba za watu,
na ukuta uliosalia, wa tumbawe lenye meno,
tuliupanda sisi wanne kwa kamba moja,
kamba ya mtumba kutoka Kongowea,
kwa muuzaji asiyejua anauza nini.

Miaka miwili uliusoma mstari wa kushoto
kama mtoto na juzuu, kidole juu ya kila herufi:
hapa kiganja, hapa ncha ya kiatu,
hapa pumzi.
Kisha kule juu, dhiraa moja na nusu, jiwe tupu.
Ulianguka pale mara sitini na tatu. Nilihesabu.
Kila mara ulishuka ukicheka, ukilamba damu ya kidole:
"Njia ipo. Jiwe halijaniambia tu."

Mimi sikuwa na subira ya kuambiwa.

Marehemu baba alichonga mawe humu humu.
Tindo lake lilining'inia nyuma ya mlango.
Usiku wa Maulidi, mtaa mzima ukiwa kwenye dufu,
nilijiteremsha kutoka juu, tochi kinywani,
nikagonga.
Tumbawe ni laini, Mbeyu. Mapigo arubaini tu,
likafunguka tundu la vidole viwili.
Nikalisugua kwa mchanga, lionekane kazi ya Mungu.

Jumamosi nikapanda mbele yenu.
Mlipiga makofi, na wewe ulipiga kuliko wote.
Ukaniuliza, njia hii tuiite nani?
Nikaipa jina langu.

Kuteleza si kuanguka, husema watu.
Haya. Lakini mimi sikuteleza.
Nilipima, nikanoa, nikasubiri dufu.

Na kamba hukatikia pabovu.
Ukingo wa tundu ulimeguka mkononi mwa Kibwana,
mwezi wake wa tatu wa kupanda.
Kifundo kiligeuka, mfupa ukatazama nje.
Njia nzima ya hospitali nilimshika bega,
nikirudia, "Ni jiwe. Jiwe bovu."
Jiwe lile nalo nalidai radhi.
Wewe ulikunja kamba, duara juu ya duara,
hukusema kitu, hukurudi.

Miaka tisa.
Kibwana amenisamehe juzi, dukani kwake Majengo,
akipima mchele kwa mkono uliopinda.
Amenisamehe haraka, kama mtu anayekataa chenji,
na msamaha wake unanibana kama kiatu cha mwenzangu.

Leo nimekuita timboni, na sikuleta zawadi.
Nimeleta chokaa, saruji kidogo,
unga wa mawe niliouokota hapa chini,
kifuu cha kukorogea.
Naning'inia pale pale, ila ni mchana, kila mtu aone.
Naziba. Nasawazisha kwa gumba.
Pakikauka, mstari utarudi kuwa mgumu ulivyokuwa,
na mimi sitaupanda kamwe. Sina uwezo huo.
Sikuwahi kuwa nao.
Hilo ndilo nililokuja kusema. Mengine ni chokaa.

Uko chini, mikono kifuani, miwani mipya kwangu.
Unanyamaza mpaka kifuu kinakwisha.
Kisha unasema, bila kupaza sauti:

"Umelainisha mno.
Hapo palikuwa na mkunjo, kina chake ukucha.
Nilikuwa nimeshaanza kuuhisi."

Sikujua.
Nilipiga tindo juu ya jibu lenyewe.

Chokaa ingali mbichi.
Nauliza, "Wapi?"
Nimya. Kunguru anapita.
Halafu, kwa sauti ya mtu asiyemsamehe mtu,
lakini anayeukumbuka ukuta wake:

"Kushoto.
Shuka kidogo.
Kushoto tena."