Chumvi Mara Nne

Miaka ishirini na mbili nimepima korosho za watu
kwenye ghala la chama, hapa Newala,
gunia kwa gunia, daraja la kwanza, daraja la pili,
na kalamu yangu haikupoteza hata kilo.
Kisha nikastaafu, nikakaa barazani,
nikagundua sijui nyumba yangu inakula shilingi ngapi.

Somoe akasema: inakula inachokula.

Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu,
nikapiga mistari kwa rula. Tarehe. Kitu. Kiasi. Bei.
Na pembeni kabisa, nafasi nyembamba: Maelezo.
Mali bila daftari, nikamwambia,
na mwisho wake aliujua, akauacha uning'inie.
Alikuwa anamenya ming'oko,
na ming'oko haikuwa na bei, kaka yake kaichimba porini.
Nikaandika: ming'oko, sinia moja, bure.
Karani haachi mstari mtupu.

Maji, ndoo sita, elfu tatu
(huku juu mlimani hata kunawa uso ni matumizi).
Dagaa wa Mikindani, vikombe viwili.
Nyanya, fungu la kati; muuzaji kaongeza moja iliyopondeka,
nikaiandika nayo.
Mafuta ya kupima. Sabuni ya mche.
Nazi mbili, moja mbovu: tazama Maelezo.
Unga wa muhogo. Kiberiti. Chumvi.
Mbaazi hatukununua, mbaazi ni zetu,
lakini nilizipima, zijue zimehesabiwa.

Wiki ya pili Somoe akaanza kunisomea vitu
kwa sauti ya mnadani:
Bamiaaa, mia tano! Nani zaidi?
Nilicheka. Niliandika huku nacheka.

Mwezi ulipoisha nikajumlisha kwenye taa ya sola,
juu kwenda chini, chini kwenda juu,
majibu yakapatana.
Kosa halikuwa kwenye hesabu. Lilikuwa pale:
chumvi, tarehe tatu. Chumvi, tarehe tisa.
Chumvi, kumi na saba. Chumvi, ishirini na sita.
Pakiti nne nzima, watu wawili,
na mmoja wao daktari wa Ndanda kamkataza
hata ile ya kuchovya yai.

Nikamwita kwa sauti niliyokuwa nikimwitia mkulima
mwenye mchanga ndani ya gunia.
Chumvi inakwenda wapi?
Akaendelea kupepeta.
Nikauliza tena, sasa kalamu ikiwa mkononi.

Fadina wa nyumba ya pili, akasema,
fedha za korosho zake hazijatoka tangu mnada wa tatu.
Unga anaona haya kuomba.
Chumvi, mtu anaomba.
Basi anakuja kuomba chumvi, namfungia chumvi,
na vingine vinaifuata.

Vingine vipi?

Hakunijibu. Nikarudi juu ya ukurasa mwenyewe
nikaviona, kila kimoja kwa mwandiko wangu mzuri:
unga uliokwisha siku mbili kabla ya siku yake,
vikombe viwili vya dagaa vilivyoliwa mara moja,
mche mzima wa sabuni uliofika nyumbani nusu.
Mnada wa tatu. Karatasi za mzigo ule
anazo kijana niliyemfundisha mimi kupiga mistari.

Kalamu ilisimama kwenye Maelezo
mpaka chai ikapoa.
Sikuandika kitu.

Asubuhi nimekwenda chamani kwanza, nimekaa kwenye benchi
la wale ambao zamani walinisubiri mimi.
Nimeambiwa Ijumaa. Nami nilikuwa nikisema Ijumaa.
Kisha sokoni, orodha mfukoni:
maji, nyanya, kiberiti,
chumvi, pakiti moja.
Nimeikata hiyo moja pale pale mbele ya muuzaji,
nikaandika mbili,
nikamwomba aniongezee na unga.