Kuhesabu Wapitao

Jiji lilinipa daftari, kalamu mbili, kigoda,
na kibarua cha siku tatu: kuhesabu wapitao
katika njia ya chini ya reli,
ile itokayo stesheni hadi upande wa Ngamiani.
"Tunataka kuiboresha," alisema Mhandisi Shekiondo.
Fomu ilikuwa na safu nne:
mwanamume, mwanamke, mtoto, baiskeli.

Nachora vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yao
kama mgonjwa kwenye kitanda cha kamba.
Kufikia saa mbili asubuhi nina vitanda mia na kumi.

Wanashuka wauza machungwa wa Muheza, tenga kichwani,
wanainama pale dari linaposhuka
bila kutazama; shingo zimeshakariri.
Wanashuka wenye baiskeli, na hii ni Tanga,
baiskeli hazina mwisho: zinabebwa begani
ngazi kumi na tisa, kengele zikilia zenyewe.
Aliyebeba baiskeli ni mtu, au ni baiskeli?
Nikaandika vyote viwili.

Katikati kuna dimbwi, hata kiangazi halikauki.
Mtu aliweka matofali matatu ya kukanyagia
na la pili linacheza.
Mwenyeji huruka kutoka la kwanza hadi la tatu;
mgeni utamjua kwa kiatu.
Waja leo, waondoka leo, ndivyo isemwavyo Tanga.
Hapa waja mkavu, waondoka umelowa.

Taa ziko sita, inayowaka ni moja,
nayo inakonyeza kama shangazi mwenye siri.
Jioni ya pili, Mwantumu, muuguzi wa zamu ya usiku Bombo,
alisimama juu ya ngazi.
Nikadhani anasubiri mtu. Alisubiri watu,
wawili, watatu, yeyote anayeshuka,
ajiunge nao kana kwamba walitoka nyumba moja.
Dakika kumi na moja.
Hakuna safu ya kusubiri.
Wengine walichungulia, wakageuka,
wakavuka juu, relini, mbele ya behewa za mizigo.
Hao sikuwahesabu. Hawakupita.

Singano haoni, naye ndiye apitaye upesi kuliko wote.
Kiganja chake kimeung'arisha ukuta wa kushoto,
mstari mmoja, usawa wa kiuno, laini kama mdomo wa kikombe.
Akanisikia nikikohoa.
"Wewe ndiye mwenye kalamu? Waambie wapake rangi waitakayo.
Huu mstari wasiniguse."

Siku ya tatu, mvua.
Nikavua viatu, nikakunja suruali,
nikaingia dimbwini, nikalikanyaga tofali la pili
lisicheze
mpaka wa mwisho alipovuka.

"Saa kumi mpaka kumi na moja," aliuliza Mhandisi, "hakupita mtu?"
"Walipita."
"Fomu inasema sifuri."

Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja, mfupi: Maoni.
Nilikuwa nimeandika kwa herufi ndogo, zitoshe:
Taa. Mfereji. Ukuta wa kushoto muuache.
Na pembeni, kwa kalamu iliyokuwa inakwisha,
tofali.