Paa Lilipopanda

Kijiji hiki jina lake ni Nafaka.
Sijaona hata punje.
Barabara moja, baa moja, kanisa la mawe,
kisha kinamasi, kisha mto Medway
umelala kifudifudi kwenye matope yake,
na nyuma ya kila kitu, matangi:
masufuria ya jitu lililokula likaondoka
bila kuosha vyombo.

Kazi yangu ni kusoma mashono.
Fundi akishalehemu bati na bati
napiga eksirei, naiinua filamu kwenye taa,
natafuta kiputo, ufa wa unene wa unywele,
mahali ambapo moto ulisita.
Tungepimwa hivi sisi wenyewe
wachache wangevuka lango.

Tangi hili jipya litameza gesi
iliyopozwa mpaka ikasinyaa mara mia sita,
ikawa maji, nyuzi mia na sitini chini ya sifuri.
Nilimweleza mama kwenye simu.
"Yaani mnauweka moto ndani ya baridi?"
Ndiyo, mama.
"Basi ni kama watu wanavyoweka hasira."
Kule Msimbati bomba linapita nyuma ya mihogo yake
na yeye bado anapuliza kuni.
Nilitaka kumjibu. Salio likaisha.

Akiba haiozi, tulifundishwa darasani.
Hii haiozi, ila huchemka,
polepole, usiku na mchana,
hata ikiwa imelala, hata ikiwa imefungiwa.

Kwenye ukumbi wa kijiji, mwezi wa pili,
kijana wa kampuni alileta michoro na biskuti.
Mwenye nyumba wangu, Bi Enid Tapley,
akasimama na koti lake la mvua:
"Mlipojenga yale ya kwanza mlisema yanatosha.
Mkaongeza, mkasema sasa yanatosha.
Naomba kujua tu, kutosha kunakuja lini?"
Kijana akatazama michoro.
Akasema majira ya baridi, akasema meli, akasema usalama wa taifa,
kisha akasogeza sahani ya biskuti.
Mimi nilikaa nyuma, kitambulisho cha kazi nimekigeuza
picha ikitazama kifua.

Halafu ikafika siku ya paa.
Hakuna winchi inayolibeba paa la tangi.
Hujengwa chini, sakafuni, ndani ya ukuta wa zege,
kuba zima la chuma, tani mia nane,
kisha feni zinawashwa, na hewa,
hewa hii hii tunayoivuta bila kuilipia,
inaingia chini yake na kulisukuma.
Alfajiri nzima lilikaa kimya.
Saa moja na nusu likatikisika,
mtu mmoja akasema "Yesu" kwa Kipolandi,
likaanza kupanda
taratibu kama mkate ndani ya joko,
kiasi cha kidole, kiasi cha mkono,
na wanaume waliozoea kutukana
wakavua kofia ngumu bila kuambiwa.

Nilipotoka nilimkuta Bi Enid uzioni,
darubini ya kutazamia ndege shingoni.
Hakuona haya. "Wamelinyanyua na nini?"
Pumzi, nikamwambia.
"Pumzi tu?"
Pumzi tu.
Akatikisa kichwa, kama mtu
aliyeshindwa mchezo na kuufurahia.

Usiku ule mita ya gesi ikalia jikoni,
ufunguo wake hauna hata pauni moja,
na duka limefungwa tangu saa mbili.
Kutoka dirishani taa nyekundu za tangi
zilikuwa zinapepesa juu ya paa jipya.
Tukakaa na makoti, chai ya birika la umeme,
yeye na blanketi la marehemu Leonard magotini.
Nilimwambia mashono yale nimeyasoma yote,
moja moja, hakuna hata tone litakalovuja.
"Najua," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Akakutanisha viganja mdomoni, akapuliza,
akasubiri,
akapuliza tena.