Futi Kumi na Nane

Ijumaa nilimwaga zege mbele ya ofisi ya wadi, Makadara,
juu ya vidato vitatu, kila kimoja inchi sita.
Msimamizi alisimama na simu sikioni.
"Futi nne zatosha, Fundi. Pale mbele
ni maegesho ya mkubwa."
Nikaweka pima maji, nikapiga mwiko,
nikalainisha hadi zege ikang'aa kama sufuria ya Krismasi.
Jumamosi wakafunga utepe, wakaukata,
wakapiga picha. Mimi nilikuwa nyuma ya toroli
nikiosha karai.

Jumatatu nilirudi kudai changu.
Nikamkuta Syombua, mshonaji wa sare za shule kule Maringo,
kwenye kiti chenye tairi moja la baiskeli na moja la kiwandani,
bahasha ya leseni mapajani.
Alikuwa akiutazama mteremko wangu
jinsi mama mkwe anavyoutazama ugali wa kwanza wa mkaza mwana.

Miaka minne, akasema, huwa nangoja hapa chini.
Askari wa lango hupanda na karatasi zangu,
hushuka, sahihi imekosewa, hupanda tena.
Mwaka jana wanaume wawili walinibeba kama gunia la viazi,
wakiitana "shika huko, shika huko,"
na mmoja akanipapasa.
Leseni niliipata. Jioni nilioga mara mbili.

Kisha: "Wewe ndiwe uliyejenga?"
Nikasema ndimi, kwa majivuno kidogo.
"Kitanda usichokilalia..." akaanza, hakumaliza.
Alijivuta akahamia kwenye benchi la askari,
akanisukumia kiti kwa kiganja.
"Panda."

Niliketi. Watu kwenye foleni wakageuka.
Msukumo wa kwanza, magurudumu ya mbele yakainuka
kama beberu anayetaka ugomvi.
Wa pili, nikarudi nyuma, kisogo kikitafuta lami.
Mikono hii inayopandisha saruji ghorofa ya nne
ikatetemeka kwa futi nne.
Askari alinidaka. Hakuna aliyecheka,
na hilo ndilo lililoniuma.

"Kila inchi unayopanda," Syombua akasema,
"ilipie inchi kumi na mbili za kwenda.
Mimi hukata vitambaa, Fundi. Kitambaa kikipunguka
suruali haimtoshi mtoto, hata ukimwombea."

Nikapiga hesabu kwa penseli ukutani:
kimo, futi moja na nusu;
mwendo, futi kumi na nane.
Futi kumi na nane zapita maegesho ya mkubwa,
zapinda penye mtungi wa maua,
zadai mahali pa kupumulia na reli ya kushika.
Msimamizi alicheka kwenye simu.
"Bajeti imefungwa."

Jumanne alfajiri nilikuja na nyundo ya ratili kumi na nne.
Sisemi nilikuwa shujaa. Nilikuwa na hasira ya mtu
aliyesifiwa kwa kazi mbovu.
Kubomoa kulichukua nusu saa.
Kujenga, siku tisa, na maneno mengi.
Saruji ilipatikana; usiniulize ilitoka mjengo gani.
Mkubwa mwenyewe alishuka kuuliza gari lake lilale wapi.
Syombua alimjibu. Jibu lake sitaliandika hapa.

Siku ya kumi alipanda.
Polepole, bila mkono wa mtu,
akatua kwenye kona, akapumua, akaendelea.
Nilimfuata nikiwa nimeifungia mikono yangu mfukoni
isije ikajisahau ikasukuma.

Ndani, dirisha la karani li juu.
Kutoka mlangoni niliona kilemba chake tu, cha manjano,
na karani akiita, "Anayefuata! Anayefuata!"
akiitazama hewa tupu juu ya kile kilemba.

Nikatoa penseli.